Mpiga pasi aliyechoka kuvishwa kilemba cha ukoka

Saa moja asubuhi, mvuke umeshajaa chumba cha nyuma cha duka la dobi. Mpiga pasi ananyoosha kola ya shati jeupe, kisha analikemea kwa sauti nzito: "Ondoka mbele yangu, msaliti!" Analitundika, anavuta lingine.

"Hawa ndio watazamaji wangu siku hizi," anasema, akicheka peke yake. "Angalau hawanidanganyi."

Ni mgane anayekaribia miaka sitini. Katika kikundi cha maigizo cha mtaani kwao, kinachofanya mazoezi kila Jumamosi katika bwalo la shule, wanamwita Mfalme, kwa kuwa taji ni lake tangu kikundi kianze. Hakuna anayelipwa. Wenzake ni wauguzi, makarani na muuza mkaa mmoja.

Zamani mkewe alikuwa akikaa benchi la mwisho kumtazama, na wakifika nyumbani hakumung'unya maneno.

"Leo, baba watoto, umepiga kelele tu. Hukusema kitu."

Mfalme alinuna mpaka chai ikapoa. Jumamosi iliyofuata alirekebisha.

Mke alifariki miaka mitatu iliyopita, na watoto wanaishi mbali. Tangu hapo, hata akisahau nusu ya maneno yake, wenzake humwambia, "Mfalme, umetisha!"

"Wananihurumia," anasema. "Na anayekuhurumia hakwambii ukweli. Natoka pale na makofi yote yale, nafungua mlango, nyumba kimya. Nawasha redio ili pawe na mtu anayezungumza."

Mwaka jana, kwa ulimi wake mwenyewe, alimpoteza na swahiba wake, fundi saa, aliyeanza naye maigizo. Baada ya onyesho moja ambalo aliigiza kulia mbele ya mfalme, fundi saa alimuuliza: "Nimeliaje leo?"

Mfalme akajibu, wote wakisikia: "Umelia kama mtu anayetafuta kupiga chafya."

Watu wakavunjika mbavu. Fundi saa naye akacheka, akalikunja vazi lake vizuri, akaliweka mezani. Hakurudi tena.

"Nilichosema kilikuwa kweli," anasema Mfalme, akiishusha pasi. "Lakini mke wangu alikuwa anangoja tufike nyumbani."

Mwezi uliopita alijikaza, akaenda kwenye kibanda cha fundi saa. Hakukaribishwa kiti.

"Nimekuja kuomba radhi, kaka."

"Radhi nimeipokea." Fundi saa hakuinua macho kutoka kwenye saa aliyoifungua. "Sasa nikwambie na lako?"

"Niambie."

"Tangu shemeji atutoke, hunitazami jukwaani. Mimi nakulilia, wewe unaliangalia lile benchi la nyuma. Nitaliaje vizuri, nami nimeachwa peke yangu?"

Mfalme aliaga, akarudi kwa miguu.

"Yaliniingia hadi mfupani," anakumbuka. "Lakini njiani nilijikuta natabasamu. Kumbe kuna mtu alikuwa ananiona."

Kikundi sasa kinaandaa mchezo mpya. Mfalme amelikataa taji, akaomba nafasi ya mtumishi, ambaye kazi yake kubwa ni kusimama na kuwasikiliza wenzake. Mwongozaji alidhani anatania.

Jumapili atakwenda tena kibandani kwa fundi saa.

"Kuna nafasi ya baba mzee, bado haijapata mtu," anasema, akilifunga shati kifungo cha juu. "Sijamwambia. Nitaketi, niweke nakala ya mchezo mbele yake, nianze kusoma maneno ya mtumishi. Nikifika pale baba anapotakiwa kusema, nitanyamaza, nimtazame, nione kama atanijibu."