Nilibadilisha Maji ya Samaki wa Mzee Shabani

Jina langu msilitafute. Kibiti ni padogo, na wanaokula kwangu mchana wakisoma hapa watanijua hata nikijifunika baibui mbili. Ila kosa ni langu, sina wa kumsingizia, na nimechoka kulibeba peke yangu.

Mimi ni mama lishe. Nauza wali na samaki wa kukaanga kando ya barabara kuu. Nimezaliwa Mbwera, kule deltani, mtoto wa mvuvi na mjukuu wa mvuvi. Hilo nalitaja mapema kwa sababu ndilo lililonitia kiburi. Mtu akitaja samaki mbele yangu, huwa nimeshamkatiza kabla hajamaliza.

Mwaka huu jirani yangu wa banda la pili alinunua televisheni, wateja wakahamia kwake. Nikasema sawa, na mimi nitaweka kitu cha kutazama. Nikaenda kwa Mzee Shabani, anayeuza chakula cha kuku, na kwenye matangi ya kioo anafuga samaki wa mapambo. Nikachagua watatu wekundu, wenye mikia mirefu kama mitandio, pamoja na tangi dogo la kuwawekea.

"Mwanangu," akaniambia, "hawa wanataka maji ya kisima. Uyachote, uyalaze siku nzima, ndipo uwatie."

"Mzee, mimi wa Mbwera."

"Najua. Ndiyo maana nitakwambia mara ya pili." Akaniambia tena, neno kwa neno.

Ukutani alikuwa na kibao cha boksi, kaandika kwa mkono wake: Samaki akifa ndani ya siku tatu, mlete na maji yake kwenye chupa. Utapewa mwingine. Hela hairudi. Nikamuuliza maji ni ya nini. Akasema samaki hawezi kueleza kilichomuua, lakini maji yanaeleza.

Sasa sikilizeni akili yangu. Mzee Shabani ni Mmatumbi, katoka vilimani kule kusini kwenye mihogo. Huyo ndiye anifundishe mimi samaki? Tangu nizaliwe, samaki wa maji baridi niliowaona, perege, kambale, wote wana rangi ya tope. Samaki mwekundu, kama yule aitwaye changu, anatoka kwenye chumvi. Nikajiridhisha kwamba mzee wa watu kauziwa samaki wa baharini na hajui. Nikampigia simu kaka yangu, akaniletea madumu mawili ya maji ya kwetu, ya chumvi, maana kiangazi hiki bahari imepanda mpaka nyuma ya nyumba. Dumu moja likajaza tangi, la pili nikaliweka akiba.

Walicheza kidogo. Wakati naepua sufuria ya wali, wa kwanza alikuwa kalala ubavu. Kabla ya adhuhuri wote watatu wanaelea, na wateja ndio kwanza wanaingia. Mmoja akaniuliza kama hao ndio wa leo.

Mnadhani nilijilaumu? Hata kidogo. Nilisema samaki wale walishadhoofika kwa kunyimwa chumvi dukani, kwa hiyo wa kunipa wengine ni mzee. Tatizo likawa kibao. Mzee angeonja chumvi kwenye chupa, angenirudisha mikono mitupu na mahubiri juu. Basi nikawasuuza marehemu watatu, nikawatia kwenye chupa ya maji ya kisima, mazuri, yaliyolala. Nikavaa uso wa msiba nikaenda.

Mzee alifungua chupa, akanusa, akachovya kidole, akalamba.

"Maji haya hayana kosa. Ndiyo waliyofia?"

"Ndiyo hayo hayo, mzee wangu."

"Wallahi?"

Hapo nilishikwa na kikohozi. Nilikohoa kwa bidii mpaka mzee akaninywesha maji, na swali likapita. Mtaniona mjanja. Hata mimi nilijiona mjanja.

Lakini hakunipa samaki. Alimimina maji ya chupa yangu kwenye mtungi wa kioo, akatia humo samaki mmoja mdogo. Akasema atamwangalia siku mbili. Akifa, maji ndiyo mabaya. Akipona, basi ugonjwa umetoka kwenye matangi yake mwenyewe, na hatauza samaki mwingine mpaka aujue.

Siku ya pili akaja bandani kwangu, uso umemshuka. Samaki wa mtungini ni mzima kabisa. "Kwa hiyo kosa ni langu," akasema. "Mwanangu, wewe mtu wa deltani. Njoo unitazamie, wangu wana nini."

Mlango ulikuwa wazi hapo. Ningesema, "Mzee, nilikudanganya," yangeisha kwa kucheka. Badala yake nikajifunga khanga safi nikaenda kama daktari aliyeitwa.

Kwenye tangi lake kubwa walikuwamo samaki wengi, na katikati yao mmoja mnene, mweupe wa mabaka mekundu. Alimwita Bi Mkubwa. Alimnunua mwaka aliofiwa na mkewe, na hakuwa wa kuuzwa. Wenye maduka ya jirani wanasema kila asubuhi mzee akifungua mlango humwamkia huyo kwanza.

"Wengine wakifa nitanunua," akaniambia. "Huyu ndiye ninayeishi naye."

Nilizunguka tangi, mikono nyuma. Nikakunja uso. Nikatoa hukumu: "Wanadai chumvi, mzee." Nikamletea lile dumu la akiba.

Akasita. "Una hakika?"

"Kwetu samaki wanazaliwa humu."

"Na wakifa?"

"Wakifa, walete na maji yao," nikamtania kwa kibao chake. Tukacheka wote wawili. Akapunguza maji ya tangi mpaka nusu, akamimina dumu zima.

Kesho yake mchana banda lilikuwa limejaa. Mzee Shabani akaingia na ndoo mkono mmoja na mtungi mkono wa pili. Nikamwamkia. Shikamoo yangu haikujibiwa, na mzee yule hajawahi kuacha shikamoo ya mtu. Akaitua ndoo mezani, katikati ya sahani.

"Nimeleta samaki," akasema taratibu, "na maji yao."

Nilitazama ndani. Wote wanaelea, na Bi Mkubwa yuko juu yao, ubavu. Wateja waliacha kutafuna. Mmoja alikitazama kipande chake cha samaki, akawatazama wale wa ndoo, akaisukuma sahani.

Mzee akautua mtungi kando ya ndoo. Yule samaki mdogo alikuwa anazunguka humo bila habari.

"Huyu yuko hai kwenye maji uliyosema yamewaua wako. Hawa wamekufa kwenye maji uliyosema yatawaponya. Onja yote mawili, mtu wa Mbwera, unieleze."

Nilichovya kidole mtungini, maji matamu. Kwenye ndoo sikuwa na haja ya kuonja. Nikasema mbele ya watu wote, "Mzee, nilibadilisha maji. Wangu walikufa kwa chumvi."

"Kwa ajili ya samaki watatu?" akauliza.

Akausogeza mtungi upande wangu. "Ahadi ya kibao ni ahadi. Ulikuwa unanidai watatu. Chukua huyu. Wawili waliobaki sina tena wa kukupa."

Akabeba ndoo yake akaondoka. Mimi niliingia jikoni nikalia, na hakuna kitunguu nilichokuwa nakata.

Mji mzima ulipata habari ambayo siyo. Walisema nakaanga samaki wa mapambo waliojifia. Siku nyingi nilikula wali wangu mwenyewe, na bado wapo wanaoniuliza, "Mama, leo wa kioo au wa mtoni?" Siwezi kukasirika. Hayo nayavumilia. Kinachoniuma ni lile tangi kubwa la mzee. Lipo pale pale dukani, kavu, kaweka mifuko ya pumba ndani.

Nilimrudishia yule samaki pamoja na radhi. Radhi alipokea, samaki akakataa. Alisema akitaka kumwona anajua anapokaa. Basi namlea mimi, kwa maji ya kisima yaliyolala siku nzima, neno kwa neno kama nilivyoambiwa.

Wenzangu, ukiambiwa peleka maji, peleka yale yale. Na ukiitwa kutibu kitu ulichokivuruga mwenyewe, vua udaktari mlangoni useme ulichofanya, maana ukishavuka kizingiti utaongeza maiti.

Mzee Shabani siku hizi anakuja mchana. Shikamoo ananiitikia. Anakwenda kwanza kwenye tangi langu dogo, anachovya kidole majini, analamba, ananitazama. Ndipo anakaa na kuagiza chakula.

Maharage.