Kijiti cha Mpiga Chusa

Tarehe 12 Mei 1837, Nantucket. Upepo wa kusini, ukungu mpaka adhuhuri, kisha jua.

Siku hiyo fundi mapipa Shubael Paddack alivaa koti lake la ibada, akachomeka kijiti cha mwaloni kwenye ukosi, akaenda kunywa chai kwa akina Chase. Kijiti hicho hakivaliwi ovyo. Huizuia kamba ya chusa isichomoke kwenye pua ya mashua nyangumi anapokimbia nayo, na kotini hukivaa yule tu aliyekwisha kumchoma nyangumi kwa chusa. Shubael hakuwahi kuchoma hata samaki. Safari yake ya pekee iliishia kwenye fungu la mchanga nje ya bandari, alikotapika hadi nahodha akamrudisha pwani. Lakini alimtaka Judith Chase, naye Judith aliwekeana ahadi na shoga zake kwamba hataolewa ila na mwanamume aliyemchoma nyangumi.

Babake, Kapteni Chase, alikiona kijiti kabla ya kumwona mgeni.

"Rafiki Shubael! Wewe? Ulimchomea wapi?"

"Peru," alisema Shubael, akikitazama kikombe chake cha chai.

"Makubwa! Nami nikidhani unaogopa hata maji ya beseni!" Mzee alimpiga mgongoni, chai ikamwagika. "Umekuja wakati wake. Meli ya shemeji yangu inang'oa nanga kesho, na mpiga chusa wake kavunjika mguu. Ni safari ya miaka minne tu, mwanangu!"

Shubael aliona sakafu inayumba. Alikichomoa kijiti, akakiweka mezani.

"Nilikichonga jana. Sijachoma kitu. Nilikuja kumposa Judith, basi."

Kapteni alicheka akajishika mbavu. Judith, aliyekaa upande wa pili wa meza, hakucheka.

"Mwongo mkubwa wewe," alisema. "Na ndiye mume pekee ambaye angelala nyumbani kila usiku! Mama kazeekea juu ya paa akitazama bahari, akimngoja Baba."

"Basi ivunje hiyo ahadi," alisema Shubael.

"Nivunje, halafu shoga zangu wanisimange mpaka kaburini?"

Kapteni alifuta machozi. "Haya, poeni. Kuna nyangumi mfu ametupwa ufukwe wa kusini, ananuka tangu juzi. Kwani mliahidiana lazima awe mzima?"

Judith alifikiri, akakata kipande cha pai, akakila chote.

"Hatukusema," alijibu mwishowe. "Lakini nitawaita wenzangu waje washuhudie. Na utarusha kutoka mbali, usije ukamsogelea kama unayepaka siagi."

Kesho yake asubuhi Shubael aliifunga karakana, akaazima chusa, akashika njia ya kusini na leso puani. Alirusha, akakosa. Akarusha tena, chusa kikateleza mgongoni kwa nyangumi. Safari iliyofuata kikazama barabara, na hewa iliyotoka humo ikamfanya atapike ndani ya kofia yake mwenyewe.

"Umeona?" alimwuliza Judith aliyesimama kando, akijifuta mdomo.

"Mimi nimeona," alisema Judith, kaziba pua. "Ila wenzangu ndio kwanza wanashuka kilimani kule. Rudia."

Shubael akaenda kukichomoa chusa.