Aliyebaki Dukani Wakati wa Swala

Kompyuta ya duka la shangazi, kule Zone Industrielle, mtaa wa viwanda, ilikuwa na maneno mengi. Kila barua pepe ilipoleta faili lenye makro, yaani programu ndogo inayojiendesha yenyewe, iliuliza kwanza: tuiruhusu? Shangazi, anayeuza vipuri vya magari, alibofya "hapana" huku akisonya, kama anayefukuza nzi. Mimi nilimwandikia barua zake asubuhi. Mchana, upepo wa ziwa ukipenya kati ya maghala, niliandika riwaya yangu kwenye kona ya kaunta.

Jumatatu moja orodha ya bei yenye makro, iliyoletwa na barua pepe, ilifunguka bila swali lolote.

"Imenyamaza," shangazi alisema. "Mutu wa maneno akinyamaza, ujue iko na shida."

Tukamwita jirani yetu, fundi wa kompyuta mzaliwa wa Uvira. Aliingia kwenye mipangilio ya usalama ya barua pepe. Palipokuwa na onyo, sasa palikuwa na ruhusa: makro zote zipite.

"Maman, ni we ulifungua?"

"Mi? Sijui hata mulango iko wapi."

Akachimba zaidi, hadi pale mashine inapotunza saa ya kila badiliko. "Ilibadilishwa Ijumaa, saa ya swala. Nani alikuwa hapa?"

"Saa ya swala?" Shangazi akaangua kicheko. "Tulifunga, tukaenda wote musikitini. Hata paka hakubaki!"

"Basi si mutu wa hapa. Kuna programu ya wezi ndani."

"Shetani huyo! Wenzake wanaswali, yeye anafungua milango."

Fundi aling'oa waya wa intaneti, kisha akatuonyesha barua iliyotoka asubuhi ile kwa jina la shangazi, ingawa hakuna kati yetu aliyeiandika. Ilibeba faili, na ilikwenda kwa mteja wake mkubwa, kule Uvira. Kicheko kikamkauka shangazi. Mteja yule humwamini kama ndugu. Akifungua faili lile, mashine yake nayo ingeingiliwa, na imani ya miaka ingekwisha kwa kubofya mara moja.

Akampigia simu mteja huyo, ambaye humwita shemeji.

"Shemeji, barua yangu ya leo usifungue! Si mi nilituma!"

"Barua gani? Huku courant imekatika tangu jana. Tuko mu giza tu."

"Alhamdulillah!" Alipaza sauti hadi makanika wa ng'ambo ya barabara wakainua vichwa. "Shemeji, mukae mu giza kidogo tena! Ikirudi, ufute ile barua kwanza, ndiyo uwashe taa."