Uso Uliotoka Kwenye Maneno

Miaka ile biashara huria iliporuhusiwa na malori yakajaa Makambako, nilikuwa mwanamke pekee mjini niliyeishi kwa kuchora vibao na kupamba bodi za magari. Nilichora tausi, simba, maua ya Kitulo, chochote ambacho mteja alikiota.

Mteja wangu mkubwa alikuwa mzee mmoja msafirishaji, Mwislamu aliyehamia kutoka Kigoma. Asubuhi moja aliniomba nimchoree mama yake, aliyefariki yeye akiwa bado mdogo. Hakuwa na picha yake hata moja.

"Nitakusimulia, binti yangu. Wewe chora tu."

Nilijaribu mara tatu. Kila mara alitazama ubao akatikisa kichwa kwa upole. "Siye. Macho ya mama yalikuwa chini kidogo." Lakini rangi ikishakauka, jicho halishuki.

Nikasikia kwamba Njombe kuna duka lenye kompyuta inayochora. Moyo ulisita, niliona mashine hiyo ndiyo itakayoninyang'anya riziki. Tulikwenda hivyo hivyo, mimi na mzee. Mji ulikuwa umezama kwenye ukungu, mapaa ya mabati yakielea juu yake.

Binti wa dukani aliuweka mkono wangu juu ya kipanya. "Dada, usiogope. Ukikosea, inafutika."

Mistari yangu ya kwanza ilitetemeka kama ya mtoto wa darasa la kwanza. Mzee akavuta kiti, akafumba macho, akaanza kusimulia: paji la uso, kovu dogo shavuni, mtandio ulivyokaa. Nilishusha jicho. Nikalipandisha. Nikalisogeza tena, wala hakuna kilichoharibika. Uso ulikuwa unakuja wenyewe, taratibu, kutoka mbali ndani ya ule mwanga wa kompyuta.

Sijui tulikaa muda gani. Nakumbuka alifumbua macho, akanishika bega.

"Hapo. Usiguse tena." Kisha, kwa sauti ndogo: "Shikamoo, mama."

Binti wa dukani aligeukia dirishani.

Picha ilitoka nyeusi na nyeupe, mistari yake imekatika-katika kama vidato vya ngazi. Mzee aliishika kifuani mpaka Makambako.

Wachoraji wenzangu walisema ule si uchoraji. Sikubishana nao, hata mimi sikujua niuite nini. Nikawa nakwenda Njombe kila Alhamisi, naanzia kwenye kioo cha kompyuta, ndipo nahamishia ubaoni kwa brashi. Mzee aliniletea wasafirishaji wenzake, kila mmoja na mtu wake aliyetaka nimchore kwa kusimuliwa.