Uso wa Candida Juu ya Kopo

Candida Isidori alikuwa na miaka arobaini na moja siku Badria alipomshika kidevu, akamgeuza uso huku, akamgeuza kule, kama mtu anayechagua nanasi, kisha akatoa hukumu.

"Shoga yangu, haya mashavu yako si dada na mdogo wake. Haya ni mama na mtoto."

Mwingine angenuna wiki nzima. Candida alicheka mpaka akashika meza, maana Badria alikuwa mtu wake. Walichangia fremu moja ya duka Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo. Candida, Mchaga wa Rombo, upande wa vitenge. Badria, mzaliwa wa mjini hapo hapo, upande wa liwa, udi na marashi. Badria akienda kuswali, Candida anamuuzia. Candida akipanda kwao Desemba, Badria anamlindia. Na Candida alipofiwa na mumewe, watu wa kuleta pole walikuwa wengi, lakini aliyelala naye chini kwenye mkeka mpaka matanga yakaisha alikuwa Badria. Sasa mtu kama huyo akikwambia una shavu la mama, utakasirika nini?

"Limekuwaje?" Candida akauliza huku akilipapasa.

"Limekuwaje! Kaa unavyokaa siku zote."

Candida akakaa kwenye kigoda chake mlangoni, kando ya vitenge vilivyoning'inia. Jua la mchana lilikuwa linaingia mtaani, likamwangukia lote upande wa kulia. Miaka yote hiyo hakuwahi kulifikiria. Upande wa kushoto ulikuwa kwenye kivuli cha bidhaa zake mwenyewe, laini, umetulia. Upande wa kulia ulikuwa na madoa meusi juu ya shavu, na mikunjo imeanza kujipanga pembeni ya jicho.

"Sisi weusi tunajidanganya kwamba jua halituwezi," Badria akasema. "Linatuweza sana, ila linaenda taratibu. Haya niambie, uso unanawia nini?"

"Sabuni."

"Sabuni gani?"

Candida akaona aibu kidogo. "Si hii ya mche."

"Ya kufulia! Na nini tena?"

"Na dodoki."

Hapo Badria alipiga kelele mpaka muuza mikoba wa jirani akachungulia. "Dodoki usoni! Candida, huo ni uso, si sufuria la ugali!"

Nisimnyime mtu haki yake, hata huyu ambaye nina hasira naye mpaka leo: Badria alijua kazi. Bibi yake alikuwa msingaji, akiwasugua maharusi wa mjini ngozi kwa liwa na karafuu, na Badria alikulia mapajani mwake. Alimkalisha Candida akamweleza vizuri, bila kumtisha. Kwamba mtu akikaribia arobaini ngozi haijitengenezi tena kwa kasi ya zamani. Mafuta yake yanapungua, ile nguvu ya ndani inayoishikilia inalegea, na siku za mwezi zikianza kuyumba ndo inakauka zaidi. Hilo ni la kila mtu na halina dawa ya kulifuta. Lakini jua, sabuni kali, kusugua na kukosa usingizi, hayo ni ya kujitakia.

Basi wakaanza. Sabuni ya mche ikarudi kwenye ndoo ya nguo. Dodoki likabaki la mgongoni. Candida akawa ananawa kwa sabuni laini na maji ya kawaida, anajikausha kwa kugusisha tu kanga, na kabla uso haujakauka sawasawa anapaka mafuta yasiyo na manukato. Asubuhi anaongeza losheni ya kukinga jua, ambayo mwanzoni ilimfanya aonekane kama kapakwa unga, mpaka Badria akamfundisha kuipaka kidogo kidogo. Badria mwenyewe akanunua mwavuli mkubwa, akaufunga mlangoni, akakihamisha kigoda. Tamthilia za usiku, marufuku. "Lala, mwanamke! Hao waigizaji ngozi zao zina watu wa kuzilipia."

Na kila mwezi Badria alimpiga picha kwa simu. "Tuone maendeleo," alisema. Ile ya kwanza Candida alitoka vibaya, hana kilemba, macho yamechoka, taa ya fremu inammulika madoa yote. Wakaicheka pamoja.

Ilichukua miezi, si mchezo. Mikunjo haikuondoka, nani alisema mikunjo inaondoka? Lakini ukavu uliisha, madoa yakafifia, na uso wote ukawa wa rangi moja, rangi yake ile ile ya kahawia aliyozaliwa nayo. Wateja wakaanza kumwambia amependeza. Candida aliyekuwa hajitazami kwenye kioo tangu msiba akawa anajitazama. Alimwombea Badria kanisani kwa jina. Nasema hivi ili ujue alikuwa amempandisha wapi.

Sasa Candida ana mdogo wake, Nice, karani wa ofisi moja Upanga. Nice alikuwa na miaka thelathini na saba na alikuwa amepata mchumba, Elibariki, mtu mpole wa Machame, baada ya watu wote kumshauri akate tamaa. Sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi, ilikuwa imeshapangiwa ukumbi. Na Nice, kama mwanamke yeyote anayekwenda kukaa mbele ya kamera na mama mkwe, alianza kuutazama uso wake kwa wasiwasi. Akamfuata dada yake.

"Dada, unatumia nini?"

"Mwavuli," Candida akamjibu. Akamweleza yote, sabuni, mafuta, usingizi.

Nice alimtazama kama anayesubiri mtu amalize utani. "Na kingine?"

"Hakuna kingine."

"Haya," Nice akasema, akabeba mkoba wake. Candida hakuona kitu kibaya kwenye ile "haya." Angeona vipi? Alikuwa amesema kweli.

Kisha Nice akapotea. Simu hapokei. Ujumbe anajibu neno moja moja. Jumapili moja, baada ya misa, Candida akaona yatosha, akaenda kwake Ilala. Nice alifungua mlango akiwa amejifunika mtandio mpaka chini ya macho.

"Toa hiyo kitu nikuone."

"Niache, Dada."

"Nice, toa."

Akautoa. Yesu na Maria! Uso ulikuwa mwekundu, umevimba, unabanduka mashavuni. Kuzunguka macho ulikuwa umeungua ukawa mweusi, na vimishipa vimejichora puani kwenye ngozi nyembamba kama ya kitunguu. Bibi harusi huyo, sendofu inakuja.

"Nani amekufanyia hivi?"

Nice alimtazama moja kwa moja. "Wewe."

Akaingia chumbani, akarudi na kikopo cheupe, akamtupia mapajani. Juu ya kifuniko kulikuwa na karatasi ya kubandika imeandikwa *Rudi Kigoli*, na chini ya maneno hayo picha mbili. Kabla, na Baada. Kabla ilikuwa Candida, hana kilemba, macho yamechoka. Baada ilikuwa Candida pia, anacheka. Na pembeni: *Mama wa miaka 41, wiki mbili tu!*

"Nilikuuliza kwa heshima," Nice akasema. "Ukaniambia mwavuli. Mwavuli, Dada! Wiki ile ile dada mmoja wa ofisini akaniletea hili kopo na uso wako juu. Nikasema kumbe. Anatumia mwenyewe, ana biashara yake mwenyewe, mimi wa tumbo moja ananipa hadithi za kulala mapema. Iliniuma sana. Nikanunua, nikapaka zaidi ya walivyosema, nikufikie."

"Hilo kopo mimi silijui."

"Na uso ni wa nani?"

"Uso ni wangu. Nice, haki ya Mungu, nakuapia kwa kaburi la baba, kopo silijui."

Nice akatoa simu, akamfungulia stetasi za yule dada wa ofisini. Zilikuwa nyingi, zote zimetoka kwa Badria, na kwa sauti ya Badria mwenyewe: shuhuda wangu, rafiki yangu kipenzi, mtazameni. Candida alitoa simu yake akatafuta jina la Badria. Kwake hakukuwa na kitu. Ndipo akaelewa. Badria alikuwa amemficha yeye peke yake asione, huku Kariakoo nzima inaziona. Akikaa naye fremu moja, anakunywa naye chai, ameshamfungia mlango. Iliuma hiyo, jamani. Iliuma kupita hata zile picha, kwa sababu mtu hafichi jambo analoliona jema.

Walienda kwa daktari wa ngozi kesho yake asubuhi. Daktari, mama mtu mzima asiye na maneno mengi, alinusa kopo tu akakunja uso. "Mkorogo. Wanachanganya dawa kali za kuchubua na dawa za ngozi ambazo hazipakwi bila daktari. Inang'aa haraka kwa sababu inaichuna. Ukiacha, kwanza itawaka zaidi, usishtuke, na usithubutu kuirudia." Akamwandikia dawa, akamwambia anawe kwa maji baridi, apake mafuta mepesi yasiyo na harufu, asibandue ngozi kwa mkono, jua alikimbie. Kisha akamtazama Candida. "Wewe mama unatumia nini? Uko vizuri."

Candida alitamani ardhi ipasuke. Nice aligeuka akatazama ukutani.

Walipotoka nje, Nice akasema, "Nataka kukuamini. Lakini nimesikia sauti ya Badria akikutaja. Mlete, aje nyumbani anitazame usoni, aseme kwamba wewe hukujua. Akisema, yameisha. Asiposema, Dada, mimi kwenye sendofu sitajua nikuweke wapi."

Basi Candida akaenda Sikukuu. Hakupiga kelele. Aliweka kopo juu ya meza, katikati ya vikopo vya liwa, akakaa.

Badria aliliona. "Nani kakupa?"

"Limeunguza uso wa Nice."

"Nice? Nice wetu?"

"Usimwite wetu."

Badria akaanza kulia, na mimi naamini yalikuwa machozi ya kweli. Akashika mikono ya Candida. "Ningefanyaje, shoga yangu? Liwa hainunuliwi. Nikimwambia mtu akae kivulini miezi sita, alale mapema, mimi atanunua nini kwangu? Kila anayekuja anataka apendeze Ijumaa hii. Ulipopendeza watu wakawa wananiuliza umepaka nini. Nikiwaambia mwavuli wananicheka."

"Kwa hiyo ukanichukua mimi."

"Sikudanganya picha. Si ulipona mikononi mwangu?"

"Ulinificha, Badria. Kule kwenye simu, ukanificha."

Badria alimwachia mikono. Alijifuta kwa ncha ya mtandio. "Nimekosa. Wallahi nimekosa. Niambie unataka nini."

"Twende kwa Nice. Useme sikujua. Na haya makopo yaishe leo."

"Yaishe leo. Twende sasa hivi." Akasimama akavaa baibui yake, akatafuta viatu chini ya meza. Na Candida, mjinga wa watu, alihisi kifua kinafunguka. Alikuwa ameshaanza kumsamehe. Alikuwa hata anafikiria njiani wapitie Feri, wanunue samaki, Nice alikuwa hajala vizuri siku nyingi.

Walikuwa wanashusha vitenge pale mteja alipoingia, mama wa makamo, jasho linamtoka, ametoka mbali. Alimtazama Candida, akarudi nyuma hatua, akapiga makofi.

"Si ndo wewe! Wewe wa kwenye kopo! Mimi nilijua picha za watu wa nje, kumbe upo kweli. Jamani, hebu ona ngozi!"

"Mama, mimi sijapaka hiyo kitu," Candida akasema. "Usiipake. Inaunguza. Mdogo wangu yuko nyumbani uso umebanduka."

Yule mama alicheka, tena kwa upole, kama anayemjua mtoto mwongo. "Hata wewe! Ushapata wako, sasa unatubania wenzio."

"Nakwambia kweli."

"Kweli naiona hapo usoni."

Candida aligeuka. "Badria. Mwambie."

Badria alikuwa amesimama na baibui yake mwilini, kiatu kimoja mguuni. Alimtazama mteja, akautazama mkoba ulioshikwa kwapani, akamtazama Candida kidogo tu. Kisha akainama, akavuta boksi chini ya meza, akatoa kopo.

"Paka usiku tu, dada yangu," akasema, sauti yake laini ile ile. "Asubuhi utaniambia."

Simu ya Candida ikaita. Alikuwa Nice.

"Dada, mko wapi? Mmeshatoka?"

Candida aliitazama picha yake ikitumbukia kwenye mkoba wa mtu asiyemjua.

"Nimetoka," akasema. "Nakuja peke yangu."