Ukuta Uliowageuza Watoto Manjano

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Ruti, Mbarara, sikugusa rangi hata tone. Fundi mkuu, Mnyankole mrefu aliyecheka kwa mabega, alinipa msasa. "Nyabo, mama, leo hapana paka. Leo sugua tu. Ukuta kama iko chafu, rangi yote itaanguka." Jioni nilikuwa mweupe kwa vumbi hadi kope, na wenzangu wakaniita Mzungu wa Ruti.

Kwake nilijifunza rangi ya maji, ile isiyong'aa, na rangi ya mafuta, inayong'aa na kuoshwa kirahisi. Tulipaka maduka Kaberebere na madarasa Kabingo. Wenye maduka walitaka nyekundu ya kuonekana kutoka barabarani, nasi tuliwapa.

Kisha nikapewa kazi yangu mwenyewe: chumba cha kujifungulia katika kituo kimoja cha afya huku kambini kwetu, Nakivale. Mganga mkuu aliniachia nichague rangi. Nikawaza, hapa wanazaliwa watu, tuweke furaha! Nikapaka manjano ya mafuta kuta zote nne, nikajisifu njia nzima.

Haikupita wiki, mkunga mkuu, Mkongomani mwenzangu, akaniita.

"Mama Riziki, umetuletea shida gani? Batoto bote banaonekana manjano! Sijui mugonjwa ni nani, muzima ni nani!"

Kitoto kimoja kilikuwa karibu kupelekwa hospitali Mbarara kwa ugonjwa wa manjano. Kilipotolewa nje kwenye jua, kikaonekana kizima kabisa. Babake, aliyekwisha kufunga mizigo, alinitazama kama mchawi. Nilicheka kwa aibu, halafu nikaogopa. Je, kama mgonjwa wa kweli angefichwa na ukuta wangu?

Kesho yake nikafanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya mwanzo: nikalala juu ya kitanda cha wazazi, nione wanachokiona. Mama mmoja wa Burundi, aliyengoja siku zake, akaniambia, "Rangi hii inapiga kelele, mama. Macho yanachoka kabla ya tumbo."

Nikasugua manjano yote kwa msasa, kisha kuta tatu, pamoja na ule wa meza ya kukagulia watoto, nikapaka nyeupe tupu. Ukuta unaotazamana na vitanda nikaupaka kijani hafifu cha maji. Nilikichanganya ndani ya nyeupe tone kwa tone, nikijaribu kwanza kwenye kipande cha boksi kando ya dirisha, maana rangi mbichi hubadilika ikikauka.

Baadaye mkunga aliniambia kwamba uchungu ukizidi, wanawake wengi hugeukia ukuta ule. "Hauondoe maumivu," alisema. "Lakini unabapa macho fasi ya kupumuzika."

Tangu hapo, ninyi mnaoshika brashi leo, sikupaka chumba kabla ya kuuliza nani atautazama ukuta, na akiwa katika hali gani.

Magoti yalipokataa ngazi, nikaacha kazi. Nyumba yangu mwenyewe ilikuwa bado udongo mtupu! Nikapaka chumba cha kulala buluu tulivu, kama ziwa letu asubuhi kule nyumbani, mjini Baraka. Mume wangu, ambaye tangu tukimbie huko hulala kwa kushtuka, alisimama mlangoni.

"Sasa tutalala ndani ya maji?"

Asubuhi nilichemsha chai, nikainywa, nikachemsha nyingine. Jua lilikuwa limepanda, na yeye bado anakoroma.