Kwenda Temeke Kutafuta Kigari cha Kabula

Ndugu zangu wa Tabora mmekuwa mkiniuliza habari za binti yangu Kabula, ambaye homa ya utotoni ilimwacha na miguu isiyoweza kusimama. Mwalimu wa hapa Kinondoni amekubali kumpokea shuleni, mradi afike. Mama yake ndiye aliyekuwa akimbeba mgongoni kila aendako. Sasa ni mjamzito na hawezi tena, na mimi huondoka kwenda kazini kabla jua halijachomoza. Kiti cha magurudumu cha kuagiza Ulaya sikuthubutu hata kukiuliza bei. Ndipo nikasikia kwamba Temeke yuko mama mmoja, Bi Tatu, mwenye vigari vya watoto wa namna hii.

Jumamosi asubuhi niliazima baiskeli, nikamkalisha Kabula kwenye keria na kumfunga kiunoni kwa kanga ya mama yake. Sikuipanda, niliisukuma. Tulipita minazi ya Kinondoni, tukashuka Magomeni, tukavuka bonde la Msimbazi. Kariakoo watu walimtazama Kabula, kisha wakanipa pole mimi. Hakuna aliyemsemesha yeye.

Kufika Keko, mchanga ulikuwa mzito na jua kali. Kabula aliuliza, "Baba, wakikataa je?" Nilikaza kanga kiunoni mwake, nikaendelea kusukuma.

Adhuhuri tulipiga hodi Temeke. Nilichokiona uani kilinifanya nisahau kiu. Magongo ya kila kimo yaliegemezwa ukutani. Palikuwa na kigoda chenye tundu, cha mtoto asiyeweza kuchutama chooni, na vijiko vilivyozungushiwa kamba ya usumba mpini ukawa mnene, kwa mkono usioweza kufumba. Kina mama wawili walikuwa wakiwakanda watoto kwa mafuta ya nazi. Mmoja wa watoto hao, niliambiwa, mama yake yuko sokoni anauza samaki. Wanaachiana watoto kwa zamu. Kifaa kikishakuwa kidogo kwa mtoto, hurudi uani kumngoja mwingine. Hakuna anayelipa. Nimeishi mji huu miaka mingi, nami sikujua kwamba kuna jambo kubwa namna hii nyuma ya ua wa makuti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Watokea wapi?" aliuliza Bi Tatu, mwanamke mnene mwenye sauti ya juu.

"Kinondoni, lakini kwetu Tabora. Mie Mnyamwezi."

"Mnyamwezi!" Alipiga makofi. "Jamani, mtani wangu kaja! Wapagazi hawa hawaachi kazi yao. Leo umebeba nini?"

Mnajua Wazaramo ni watani wetu, nami nikajibu, "Nimekuletea malkia wako, umpigie magoti."

Tulicheka. Kisha nikaonyesha kigari kimoja kilichokuwa pembeni: ubao wa chini chini wenye magurudumu ya gari la mtoto wa Kizungu, na vipande viwili vya mti vya kujisukumia. Nikatoa pesa.

"Rudisha mfukoni," alisema. "Hakiuzwi. Wala simpi mzazi."

Nilibaki na pesa mkononi. Bi Tatu alikuwa ameshanipita, amesimama mbele ya Kabula.

"Na wewe, umekaa juu kama jumbe! Ulimi nao umeugua? Au Wanyamwezi wote ni mabubu?"

Nilishtuka. Hajapata kutaniwa mtoto huyu. Kwetu watu wakimwona hushusha sauti. Kabula alinitazama, nami nikadhani atalia.

"Mabubu ni nyie," alisema. "Sie tulikuja pwani kwa miguu, nyie mlikuwa mmelala. Hicho kigari changu, mtani. Nimekichukua."

Kitu alichokichukua mtani hakidaiwi. Bi Tatu alijishika kichwa. "Nimeibiwa! Kitoto cha Kinyamwezi kimenifilisi!" Ua mzima ulicheka, naye Kabula kuliko wote. Bi Tatu alimbeba mwenyewe, akamkalisha kwenye kigari.

"Akishakua, kirudi na ubao mpya," aliniambia kwa sauti ya chini. "Na mama yake akishajifungua aje tumwonyeshe kumkanda. Nilitaka kigari akidai mwenyewe. Huko aendako wewe hutakuwapo."

Alasiri tulirudi. Kwenye mchanga nilifunga kigari nyuma ya baiskeli. Penye udongo mgumu Kabula alinikatalia, akajisukuma, mimi nikifuata nyuma.

Nilidhani naenda kutafuta magurudumu tu. Nimejifunza kwamba miaka yote nimekuwa nikisema kwa niaba ya mtoto mwenye maneno yake.

Jumatatu jioni, nikitoka kazini, niliona njiani mistari miwili myembamba ya magurudumu. Niliifuata mpaka kizingiti cha shule. Pembeni yake zilikuwapo nyayo nyingi za watoto. Za mama yake hazikuwapo.